Binti wa Yairo na Chungu cha Nyumbani

Mwinjili Marko, katika sura ya 5 ya kitabu chake, asimulia habari za Yairo, mkuu wa sinagoga, aliyekuwa na binti wa miaka 12. Mtoto huyo aliugua sana, na kabla Bwana wetu Yezu Kristu hajafika nyumbani, alikwisha kufa. Yaliyofuata yajulikana na Wakristo wote: Bwana aliwatoa nje waombolezaji, akamshika mtoto mkono, akamwamuru asimame, naye akasimama akatembea. Lakini liko jambo moja la mwisho katika habari hiyo, ambalo wasikilizaji wengi hulipita upesi. Bwana aliwageukia wazazi, ambao walikuwa wamepumbaa kwa furaha, akawaagiza wampe mtoto chakula.

Yeye aliyemrudishia uhai asingeshindwa kumshibisha. Siku nyingine nyikani aliwalisha watu 5000. Walakini katika nyumba ya Yairo hakugusa chungu. Kazi hiyo aliwaachia baba na mama, maana ilikuwa yao tangu siku mtoto alipozaliwa, wala muujiza haukuwaondolea.

Agizo hilo lafaa lisikilizwe sana Kalengera na katika vijiji vyote vya barabara ile itokayo Goma kwenda Rutshuru. Udongo wa huko umetokana na moto wa milima ya volkano, nao ni mweusi na wenye rutuba. Maharagwe huzaa mara mbili kwa mwaka. Mahindi, ndizi, mihogo na viazi hustawi. Malori hupakia mifuko na mikungu na kuteremka Goma, na watu wa mjini hula jasho la watu wa Rutshuru. Mpita njia akiona mali hiyo yote hudhani ya kuwa hakuna mtoto wa huko awezaye kukosa chakula. Kumbe si hivyo. Uchunguzi mkubwa wa afya uliofanywa katika Kongo mwaka 2013 na 2014 ulionyesha ya kuwa katika Kivu Kaskazini kama nusu ya watoto walio chini ya miaka 5 walikuwa wafupi kuliko ilivyopasa umri wao, kwa sababu ya chakula kisichotosha au kisichofaa. Baada ya hapo taabu iliongezeka. Mwishoni mwa mwaka 2022 vita vilifika katika njia ya Rutshuru, na watu wengi mno walikimbilia kambi za Kanyaruchinya na nyingine karibu na Goma. Kambi zilipovunjwa mwaka 2025, wengi walirudi wakiwa hawana jembe wala kuku, wakakuta mashamba yamemezwa na magugu.

Kwa hiyo anayehubiri juu ya chakula bora yampasa aone haya kidogo. Wako wanaofika kijijini wakiwa na picha nzuri za nyama, maziwa, mayai na machungwa. Wakiisha kuzionyesha, huaga wakaenda zao, na mama aliyewasikiliza hurudi kwake na huzuni kubwa kuliko aliyokuja nayo. Mtu asiye na kitu hahitaji kuambiwa ya kuwa nyama ni nzuri. Analijua hilo kuliko mwingine yeyote. Anachohitaji kujua ni kile kinachowezekana kwa fedha kidogo iliyofungwa katika pindo la kitenge chake.

Basi na itazamwe nyumba moja ya Kalengera, iwe mfano tu, wala si nyumba ya mtu fulani. Kuna baba, mama na watoto 5. Mwezi wa Januari wamevuna maharagwe mifuko 2, kadiri ya kilo 200. Mchuuzi amefika na lori na fedha mkononi. Wenye nyumba wana deni, wana karo ya shule, na bati moja la paa limetoboka. Wanauza mifuko yote 2. Siku hiyo panakuwa na furaha: wali jioni, soda kwa watoto, chupa kwa baba na rafiki zake. Februari inapita. Mwezi wa Machi fedha imekwisha, na mama anakwenda sokoni na kopo la Guigoz, kile kipimo kinachojulikana na kila mnunuzi, ili anunue maharagwe yale yale yaliyotoka mashambani mwa kijiji. Bei imepanda. Kwa kila kopo analopata sasa, katika Januari aliuza pengine makopo 2. Naye hana fedha ya kununua kila siku. Kwa hiyo chungu cha maharagwe kinapikwa Jumapili, na siku nyingine kuna bugali wa mihogo na majani machache yaliyochemshwa kwa chumvi.

Mtoto wa nne ana miaka 2. Ameachishwa ziwa kwa sababu mdogo wake amezaliwa. Anashiba bugali, tumbo limejaa, halii kwa njaa. Baada ya majuma kadhaa miguu inavimba, na mashavu yanajaa. Jirani anasema, «Mtoto huyu amenenepa.» Lakini nywele zake zimekuwa nyepesi na nyekundu, ngozi yabanduka, naye hakimbii tena na wenzake, akiketi mahali anabaki papo hapo, uso umeinama.

Watu wa Kivu wana jina la ugonjwa huo: huuita bwaki. Waganga wa ulimwengu huuita kwashiorkor, neno walilolipata kwa watu wa Ghana. Daktari mmoja mwanamke, Cicely Williams, aliyefanya kazi huko, aliandika habari zake mwaka 1933. Akaeleza baadaye ya kuwa kwa lugha ya wenyeji jina hilo ni la ugonjwa unaompata mtoto mkubwa wakati mdogo wake azaliwapo. Mama za Accra na mama za Kivu hawakupata kuonana kamwe, nao waliona jambo lile lile. Katika Kivu Kusini, huko Lwiro, chuo cha uchunguzi kilichoanzishwa mwaka 1947 kilishughulika na ugonjwa huu kwa miaka mingi. Sababu zake si moja tu, maana kuhara, surua na minyoo huongeza hatari; lakini chakula cha aina moja kisicho na kijenga-mwili ndicho kimlegezacho mtoto mpaka ashindwe. Gramu 100 za unga wa mihogo hazina protini hata gramu 2. Gramu 100 za maharagwe makavu zina zaidi ya 20. Mtoto mwenye tumbo dogo hawezi kula bugali wa kutosha kumjenga, hata akilazimishwa tangu asubuhi hadi usiku.

Na maharagwe yalikuwamo nyumbani! Hapo ndipo penye uchungu wa jambo hili. Nyumba ile haikukosa chakula kwa sababu ya uvivu, wala Mungu hakuwanyima mvua. Chakula kilipita mlangoni kikapanda lori.

Maandiko Matakatifu yana mtu aliyelijua jambo hili vema. Yosefu, mwana wa Yakobo, alipofafanua ndoto za Farao, hakushauri Wamisri wafunge milango na kutouza kitu. Alishauri sehemu ya tano ya mavuno iwekwe akiba katika ile miaka 7 ya neema, ili iwe chakula katika miaka 7 ya njaa. Sehemu ya tano ya kilo 200 ni kilo 40. Nyumba ya watu 7, wengi wao watoto, ikipika nusu kilo ya maharagwe makavu kwa siku, kilo 40 zatosha siku 80. Na mtu ahesabu kurudi nyuma tangu mavuno ya katikati ya Juni: siku 80 zamfikisha mwisho wa Machi, yaani majuma yale yale ambayo kopo la sokoni limekuwa ghali. Nyumba inayoweza kuweka robo na iweke robo. Mbegu za kupanda zisiingizwe katika hesabu hii, ziwekwe mbali. Lakini chini ya sehemu ya tano mtu asishuke, hata mchuuzi akipiga honi mara 10.

Baba wengine watasema ya kuwa deni halingoji. Ni kweli, na kulipa deni ni haki. Walakini mtoto naye ni mdai, tena hana karatasi ya kuonyesha wala sauti ya kudai. Yafaa basi hesabu ifanywe na baba na mama pamoja, kabla lori halijafika, si mbele ya mchuuzi. Na ikiwa fedha ya karo ndiyo inayokosekana, likelemba ya akina mama, au msaada wa shirika la Kikristo la kijiji, huenda ikamwokoa mtu asiuze mfuko wa mwisho.

Baada ya kuuza huja kununua, na hapo nabii Isaya anauliza swali gumu katika sura ya 55: kwa nini watu hutoa fedha zao kwa kitu kisicho mkate, na jasho lao kwa kitu kisichoshibisha? Nabii hakuiona soda, lakini aliwajua wanadamu. Kuku wa nyumbani ametaga. Mayai yanapelekwa barabarani kuuzwa kwa wasafiri, na fedha yake inarudi kuwa soda na biskuti. Mama hafanyi hivyo kwa ubaya. Afanya kwa upendo, kwa kuwa soda na biskuti ni vitu vya mjini, naye anataka mtoto wake asionekane maskini. Kumbe ametoa kitu kijengacho akapokea maji na sukari. Yai moja lina protini ya gramu 6 hivi, na mtoto wa miaka 2 akila yai hata mara 3 kwa juma amepata jambo kubwa. Mayai mengine na yauzwe, yanunuliwe chumvi yenye yodi, sabuni, na mafuta ya mawese, ambayo rangi yake nyekundu ni dalili ya dawa ya macho iliyomo ndani. Wala si dhambi kula wali siku ya Pasaka, au kumpa mgeni soda. Bwana wetu mwenyewe alikwenda arusini Kana. Ubaya ni pale sikukuu inapokula mwezi mzima.

Sasa yapaswa kusemwa neno juu ya sahani, na neno hili lawahusu zaidi akina baba. Mtume Paulo, katika waraka wa kwanza kwa Wakorinto, sura ya 11, aliwakemea Wakristo waliokusanyika kwa meza ya Bwana huku mmoja ana njaa na mwingine amelewa. Aliona ya kuwa watu hao waudharau Mwili wa Kristu. Je, Wakorinto wako Korinto tu? Katika nyumba nyingi samaki akipatikana, kipande chenye nyama humwendea baba; watoto wakubwa hupigania kinachobaki katika sahani moja, na mdogo, ambaye mkono wake si mwepesi, hulamba mchuzi. Mama hula mwisho, hata akiwa na mimba au akinyonyesha. Tena vijijini kadha wa kadha ingaliko miiko ya zamani, ya kuwa mwanamke asile kuku, asile mayai, na ya kuwa mtoto akila yai atakuwa mwizi. Bwana wetu alikwisha kufundisha ya kuwa kinachomtia mtu unajisi hutoka moyoni, wala si kile kiingiacho kinywani. Yeye anayemnyima mke wake mwenye mimba yai kwa sababu ya mwiko, kisha akaja kukomunika, na afikiri sana njiani.

Dawa yake ni ndogo wala haina gharama: mtoto mdogo apewe sahani yake peke yake, mama aketi naye mpaka amalize, na maharagwe yake yapondwe laini na kutiwa mafuta kidogo. Baba ana nguvu za kungoja. Na fedha ya kasiksi ya Jumapili, baba akiipunguza nusu tu, itanunua sambaza wakavu wa kutosha siku kadhaa. Samaki hao wadogo hawakuwamo katika ziwa Kivu zamani. Waliletwa kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wakazaana, wakawa kitoweo cha maskini. Sambaza huliwa mzima, kichwa na mifupa, kwa hiyo hakuna kinachotupwa. Akisagwa unga, kijiko kimoja chatosha kuupa uji wa mtoto nguvu.

Uji wenyewe nao usidharauliwe. Mahindi, mtama na soya vikisagwa pamoja hutoa ule uji ambao wengi katika Kivu huuita masoso. Soya ikaangwe kwanza, maana mbichi humsumbua mtoto tumboni. Maharagwe yalowekwe usiku kucha na maji yake yamwagwe: yataiva upesi, na kuni au makala yatapungua, nayo si faida ndogo kwa mama anayenunua makala au anayehofu kuingia msitu wa Virunga kutafuta kuni. Sombe itwangwe vema na kuchemshwa kwa muda mrefu bila kifuniko, kwa kuwa majani ya muhogo yana sumu ambayo moto huiondoa. Lengalenga huota yenyewe nyuma ya nyumba, tena wako wanaoing'oa kwa jembe kama magugu, kisha wakaenda sokoni kununua kabeji. Mtoto mchanga hahitaji kitu cho chote hadi miezi 6 ila ziwa la mama. Na baada ya hapo ziwa liendelee pamoja na chakula hata miaka 2.

Lakini kuna uchumi mmoja ambao Mkristo lazima aukatae, nao ni ule wa kununua kilichooza kwa sababu ni rahisi. Mahindi au karanga zilizoota ukungu zina sumu isiyoondoka kwa kupikwa, iharibuyo ini polepole. Muuzaji huzichanganya na nzuri, akijua ya kuwa maskini atanunua. Juu ya jambo hili mji wa Goma una shahidi wake. Floribert Bwana Chui alizaliwa Goma mwaka 1981. Alikuwa kijana wa jumuiya ya Sant'Egidio, rafiki wa watoto wa barabarani, na kazi yake ilikuwa kukagua bidhaa ziingiazo nchini mpakani. Mwaka 2007 aliletewa fedha ili aachilie chakula kilichoharibika kiingie sokoni. Alikataa, kwa kuwa alijua nani watakila. Mwezi wa Julai wa mwaka huo alitekwa, akateswa, akauawa, akiwa na umri wa miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025, katika basilika ya Mtakatifu Paulo nje ya kuta za Roma, Kanisa lilimtangaza kuwa mwenye heri.

Kijana huyo hakufia neno la imani lililoandikwa katika vitabu vikubwa. Alifia sahani za watu asiowajua. Mama anayeshika konzi ya karanga sokoni, akazinusa, akazirudisha na kusema, «Hizi hapana,» hata kama bei ni nusu, afanya kazi ya aina moja na ile ya mwenye heri Floribert, ingawa hakuna atakayemwandika.

Mtoto aliyekwisha kuvimba miguu asitibiwe kwa uji wa nyumbani tu. Mama na abonyeze kidole gumba juu ya mguu wa mtoto, polepole, kwa muda wa kuhesabu hadi 3, kisha aondoe; shimo likibaki katika miguu yote miwili, apelekwe kituo cha afya siku ile ile. Mtoto wa namna hii akijazwa chakula kingi ghafula aweza kufa. Wauguzi wanajua kipimo. Wala wazazi wasione aibu, wala jirani wasiseme ya kuwa amerogwa. Akirudi amepona, ndipo agizo la Yezu kwa Yairo litakapoanza upya kila siku, asubuhi na jioni.

Ile nyumba ya mfano na irudiwe mara moja tu. Ni mwezi wa Juni, maharagwe ya msimu wa pili yamepigwa na kupepetwa, na honi ya lori yasikika kutoka barabarani. Baba amesimama uani, anahesabu.

«Mama watoto, mfuko ule mdogo uko wapi?»

«Uko ndani, baba watoto, chini ya kitanda. Nimekwisha kuushona mdomo.»

Baba anautazama mlango, anatazama barabara, kisha anauinua mfuko mkubwa begani na kwenda nao peke yake.